Rundo la Shukrani

Je, aliyempa ndugu yake uboho wa mifupa yake ana haki gani juu ya pumzi ya ndugu huyo? Ninasoma sheria huko Bukavu, na sijaona kifungu kinachonijibu. Wahadhiri wamenifundisha haki za anayetoa shamba, za anayetoa mkopo, za anayetoa mahari. Kuhusu anayetoa uboho hawajanifundisha neno, na alasiri ile niliposhuka kwenye basi mjini Uvira, nikitoka mitihanini, sikujua kwamba ningetakiwa kujibu upesi namna ile.

Mdogo wangu Hyacinthe ana miaka kumi na saba. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa ambao kwetu hutajwa kwa herufi mbili tu, SS, na utoto wake wote aliupitisha akilia mifupa. Mama alifariki mapema. Aliyemkesha ni nyanya yetu wa Runingu, kijiji cha bondeni, Koko Domitille. Mwaka jana shirika moja la hisani lilitupeleka India, yeye, baba yetu tunayemwita Papa, na mimi, kwa sababu vipimo vilionyesha kwamba uboho wangu unalingana na wake. Madaktari waliuua uboho wake kwa dawa kali, kisha wakamtilia mshipani seli shina walizozichota katika nyonga yangu. Seli hizo zikashika. Hata kundi la damu yake likabadilika: alikuwa O, sasa ni A kama mimi. Binamu zetu hawakumwacha apumue kwa jambo hilo. "Damu ya mwanamke hiyo," walimwambia, "angalia usianze kusuka nywele." Naye aliwajibu kwamba mwanamke mwenyewe anasoma sheria, kwa hiyo wachunge midomo wasije wakashitakiwa.

Lakini uboho una tabia yake. Seli zangu zilipozoea makao mapya, zilianza kumwona mwenyeji wao kama mgeni, zikamshambulia ngozi ya mikono na ya mgongo mpaka ikawa kama imeunguzwa. Ili kuzituliza, madaktari walimpa dawa za kuzilegeza, na dawa hizo zikamwacha bila ulinzi. Kwa hiyo kile nilichompa kilimponya, na kilekile kikamweka wazi. Daktari aliyemfuatilia, mwanamke mpole aliyesema nasi kupitia mkalimani, alirudia onyo moja kila tulipokutana naye: kuvu. Mbegu za ukungu, alisema, ni ndogo kuliko vumbi, na zimo katika hewa ya kila mahali. Sisi wazima tunazivuta na kuzimaliza bila kujua. Ndani ya Hyacinthe zinaweza kuota katika pafu kama zinavyoota katika mkate uliosahauliwa. Alimpa vidonge vya kinga, lakini akatuonya kwamba vidonge peke yake havitoshi. Aepushwe na vumbi la barabara, nyumba zinazojengwa, nyasi kavu, mbolea, udongo wa bustani. Hakutaja mihogo. Angeijulia wapi?

Kwa Koko, mihogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba, ikaachwa mpaka iote manyoya ya ukungu, meupe, meusi, mengine ya rangi ya chungwa. Ukungu huo ndio unaolainisha mihogo na kuupa ugali wake ladha. Kisha hukwanguliwa, huanikwa, hutwangwa. Na katika ukoo wetu, mtu akitoka katika hatari kubwa, rundo moja huwekwa kwa jina lake. Siku ya shukrani yeye mwenyewe huinama mbele ya watu, huyaondoa majani kwa mikono yake, na huuchukua muhogo wa kwanza. Kabla hajafunua, hahesabiwi kuwa amerudi. Koko alikuwa ameahidi rundo hilo tangu siku tulipopanda ndege, na kwa kuwa Hyacinthe hakuruhusiwa kusafiri katika vumbi la bonde, Koko aliileta mihogo yake kwetu, mtaa wa Rugenge, Uvira.

Hayo nilikuwa nimeelezwa kwa simu, lakini kwa juu juu tu. Papa aliniambia: "Koko amekuja, tunatengeneza sherehe." Nilidhani tunatengeneza sherehe ya kawaida.

Nilikuta madirisha yote yamefungwa, ingawa kiangazi kilikuwa kimepamba moto na upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma vizuri. Chini ya mlango walikuwa wamesokota kitenge kilicholowa maji. Nilisukuma. Sebuleni, wanawake wanne waliketi kuzunguka mkeka, kila mmoja na kisu na beseni, na katika mwanga ulioingia nami nililiona vumbi la kijivu likielea kutoka mapajani mwao hadi darini.

"Maître amerudi," akasema shangazi Blandine, dada mdogo wa Papa, akiniita kwa cheo cha mawakili bila kuacha kukwangua. "Funga mulango haraka, vumbi inaingia."

"Shangazi, mnafanya nini humu?"

"Si unaona? Tunakwangua mihogo ya kesho."

"Ndani ya nyumba?"

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyelala basini akapitishwa kituo. "Weye si ndiye ulitukataza? Ulitelefoni ukasema: mutoto asivute vumbi ya barabara. Basi tumefunga madirisha, tumeingiza kazi yote ndani, wiki nzima tunaiva na joto kwa ajili yake. Na bado unatukunjia uso."

Wanawake wakacheka. Mama Generose, jirani yetu wa upande wa juu, akapangusa paji la uso kwa kiwiko. "Bantu ba université," akasema. "Ukibakosea banakasirika, ukibatii banakasirika."

Sikuweza kucheka. Chumba cha Hyacinthe kilitenganishwa na sebule kwa pazia tu. Wiki nzima, kwa upendo na kwa utii, walikuwa wamemfungia ndani pamoja na kitu kile hasa nilichowaomba wamkinge nacho. Nilifungua madirisha moja baada ya jingine. Niliwaomba wabebe mabeseni nje, nikawaeleza kwamba ukungu ule ndio ile kuvu aliyotuonya daktari, kwamba vumbi la barabara ni afadhali. Walitoka wakinong'ona. Katika pembe ya sebule lilibaki rundo moja lililofunikwa kwa majani ya migomba, limefungwa kwa kamba kwa ustadi.

"Hilo liache," shangazi akasema akiwa mlangoni. "Hilo ni lake. Kesho."

Nyuma ya pazia nilisikia kikohozi kifupi, cha mtu anayejitahidi kisisikike.

Hyacinthe alikuwa amekaa kitandani amevaa shati jipya alilokuwa akilijaribu. Barakoa yake ilining'inia msumarini. Nilimgusa shingo. Ilikuwa na moto.

"Tangu lini unakohoa?"

"Yaya Noella," akasema, maana dada mkubwa kwetu huitwa yaya, "hata salamu hakuna?"

"Tangu lini?"

"Ni moshi ya jikoni."

"Na homa?"

"Ni joto. Bamefunga madirisha." Alitabasamu, kisha akashika ubavu wa kulia, haraka, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Aliona kwamba nimeona.

"Inachoma ukivuta pumzi?"

Alivua shati lile na kulikunja taratibu. "Sikiliza," akasema. "Tangu ninazaliwa, minye ni mugonjwa wa hii nyumba. Bageni bakikuja, banauliza: mugonjwa iko wapi? Kesho nitafunua, batakoma kuuliza. Kisha nitaenda kwa munganga wa hospitali umutakaye. Usiseme kwa Papa."

Nilimwambia Papa.

Papa ni fundi cherehani pale Mulongwe, mtu wa maneno machache, na huko India alilala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe bila kulalamika. Hakubishana. Alimwita Kitenge, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani, ambaye alifika kabla giza halijaingia. Alimchoma Hyacinthe kidole: malaria hakuna. Alisikiliza kifua kwa makini, mbele na nyuma: hakusikia kitu. Akasema tuanze dawa ya bakteria, tungoje siku tatu. Kwa mgonjwa mwingine yeyote angekuwa sahihi.

Nilipiga simu India. Mkalimani alinitambua kwa jina, akaenda kumtafuta daktari, kisha akanirudishia majibu sentensi moja moja. Homa kwa mtu kama Hyacinthe ni dharura. Kifua kinaweza kusikika safi na huku kuvu inachimba ndani. Hata picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuificha; inahitajika skana, mashine inayopiga picha za ndani kabisa ya pafu, na kuvu ikionekana, dawa yake ianzwe saa ileile. Kama dawa hiyo itawahi, wengi hupona. Niliuliza: na ikichelewa? Mkalimani akasema daktari amesema isichelewe.

Skana iliyo karibu ipo Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira. Jioni ile mpaka ulikuwa umekwisha kufungwa.

Asubuhi wageni walianza kufika mapema kuliko chai. Walitoka Sange na Runingu, wanawake na mabeseni ya mchele kichwani, wanaume na viatu vyao vya misa mkononi ili visichafuke njiani. Koko Domitille aliketi uani kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cheupe kichwani, akipokea mikono ya watu kwa mikono yake miwili. Watu wazima wa ukoo tulikusanyika nyuma ya jikoni, nami nikasema nilichokuwa nimesema usiku uliopita: twende sasa.

"Tutaenda," Papa akasema. "Nimekwisha kuongea na mwenye gari. Lakini afunue kwanza, Noella. Ni kitambo kidogo tu."

"Papa, akifunua, uso wake unaingia katika wingu lenyewe."

"Avae barakoa yake," akasema shangazi Blandine. "Minye nitaifunga kwa mikono yangu. Hata mbili avae."

"Kabla ya kufunua kuna sala," nikasema. "Baada ya kufunua kuna salamu, kuna kuonja, kuna picha. Mnajua vizuri kwamba tutaondoka alasiri, na kule pia kuna foleni. Mpaka utatufungia tena."

"Na akiondoka bila kufunua," shangazi akajibu, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha, "bantu batasema nini? Batasema ile kazi ya India imeharibika. Batasema damu ya dada yake inamukataa. Batakuangalia weye, Noella, si minye."

Papa alitazama chini. Nilitambua kwamba alikuwa amechoka kuwa baba wa mgonjwa, kama vile Hyacinthe alivyochoka kuwa mgonjwa, na kwamba kitambo kile kidogo alikitaka kwa ajili yake mwenyewe pia. Barakoa mbili, niliwaza. Labda. Kwa muda mfupi sana nilikuwa tayari kukubali, na mpaka leo jambo hilo hunitisha nikilikumbuka.

Niliingia ndani. Hyacinthe alikuwa amevaa shati jipya. Alisimama akinipa mgongo, akikohoa ndani ya leso, na alipogeuka aliikunja upesi na kuitia mfukoni. Haikukunjika vizuri. Niliuona wekundu.

"Lete," nikasema.

"Si kitu. Ni kidogo."

"Lete, Hyacinthe."

"Yaya, bantu bote beko inje."

Ndipo nikasema sentensi niliyokuwa nimeibeba tangu jana bila kuitamka. "Sikukupa uboho wangu ili uupoteze kwa sababu ya mihogo."

Alinitazama kwa utulivu ulioniumiza kuliko hasira. "Basi uuchukue," akasema. "Ita munganga, arudishe. Kila siku minye nitalipa? Nikila, uboho wa Noella. Nikicheka, uboho wa Noella. Papa ananiambia, usikimbie, utamuharibia dada yako. Hii pumzi iko yangu ao iko yako?"

Nje mtu alianzisha wimbo wa shukrani na wanawake wakaupokea. Ningeweza kutoka na leso ile mkononi na kuinyanyua juu mbele ya wote. Ningeshinda mara moja, na hakuna ambaye angethubutu kutuzuia. Mkono wangu ulikwisha kunyooka. Lakini nilimwona jinsi alivyofunika mfuko kwa kiganja, kama mtoto anayelinda kitu chake cha mwisho, nikajua kwamba nikimnyang'anya leso ile nitamfikisha Bujumbura, na kwamba kuanzia siku hiyo kila homa, kila maumivu, atayaficha mahali nisipoweza kufika. Na mtu wa hali yake hawezi kuishi akificha.

Nikakaa kitandani. Nikaushusha mkono.

"Iko yako," nikasema. "Nimekosea. Sasa nitakuambia ninayoyajua, na nisiyoyajua pia, halafu wewe utasema."

Hakukaa, lakini hakuondoka.

Nilimwambia kwamba sijui kama ni kuvu. Inaweza kuwa kitu kingine. Nilimwambia kwamba damu ile katika leso, homa ile na ule uchungu wa ubavuni, vikikutana, vinafanana na kile alichotuonya daktari. Nilimwambia kwamba kama ndiyo, kila saa inahesabika kwa upande wake au dhidi yake, na kwamba dawa ipo. Nilimwambia kwamba rundo lile pembeni, akiliinamia leo, litamwongezea mzigo kifuani, na barakoa hazikutengenezwa kwa wingu kama lile. Nilimwambia pia kwamba shangazi alisema kweli: watu watasema. Watasema sana, na mimi sina dawa ya hilo.

"Na Koko?" akauliza.

"Koko ataumia."

"Atalia mbele ya bantu."

"Pengine."

Alikaa kando yangu. Alivuta pumzi kwa uangalifu, nusu nusu, kama anayepita njia yenye miiba. Nilisikia kitu kidogo kikikwaruza mwishoni mwa kila pumzi, au labda nilikuwa ninakisikia kwa sababu nilikuwa nikikitafuta.

"Nikienda," akasema, "nitarudi?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. "Ukienda leo, una nafasi kubwa ya kurudi. Ukienda kesho, sijui."

Alitoa leso mfukoni, akaiangalia muda mrefu, kisha akaniwekea mkononi. "Uionyeshe kwa munganga," akasema. "Si kwa bantu ya inje." Akasimama, akachukua barakoa msumarini na kuivaa, na juu ya macho yake niliona jasho. "Sauti yangu haitafika. Weye ni maître, sema weye. Lakini usiseme ni weye. Sema ni minye."

Tulitoka pamoja. Wimbo uliendelea mpaka walipomwona Papa ameinuka, halafu ukapungua sauti kwa sauti. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kulitoa rundo sebuleni na kuliweka uani juu ya mkeka mpya, na watu walikuwa wamelizunguka, wakiacha nafasi ya mtu mmoja kupita. Koko Domitille alinyoosha mkono kuelekea nafasi ile.

"Kuja, mujukuu wangu," akasema. "Kuja ufunue."

Hyacinthe hakusogea. Nilimshika kiwiko, nikamwongoza kwa upande wa lango, ambako dereva wa gari alikuwa amekwisha kufika. Minong'ono ikaanza. Shangazi Blandine aliziba mdomo kwa kiganja. Koko aliinuka kutoka kitini kwa shida, na macho yake hayakuwa kwa Hyacinthe, yalikuwa kwangu.

"Noella," akasema, "minye nilimulea huyu mutoto kabla ya weye kumupa chochote. Nani ameamua asifunue? Ni weye?"

Niliwatazama Koko, Papa, shangazi, mama Generose, na wale waliotoka mbali, nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani wangeisikia:

"Hapana, Koko. Ni Hyacinthe aliyeamua. Anaumwa kifua, na hatafunua rundo hili leo. Anakwenda Bujumbura sasa hivi kupimwa, na mimi ninamsindikiza."